Bili ya Upepo

Mita nambari saba sita mbili nne,
nyuma ya choo cha Bi Nyamvula, Mikindani.
Naipangusa kioo kwa kidole gumba,
naandika: elfu moja mia tatu na tisa.
Siandiki kwamba mfereji umekauka
tangu Ramadhani ya mwaka juzi.
Fomu haina kisanduku cha hilo.

Namba huzungushwa na upepo.
Saa nane za usiku, huko mbali, mtu hufungua vali,
maji yakaanza safari, yakasukuma hewa mbele
kama bwana harusi atangulizavyo matarumbeta.
Hewa hufika kwetu, ikapiga mluzi puani mwa mfereji,
ikageuza tarakimu, ikaenda zake.
Bwana harusi mwenyewe hajawahi kuvuka Magongo.

Mama huamka. Hata sasa huamka.
(Ndiyo, Bi Nyamvula ni mamangu.)
Huweka ndoo, huketi kigodani,
huusikiliza mluzi ule
kama mtu anayengoja kuitwa jina.
"Yaja," husema. "Leo yaja."

Alizaliwa siku ya mvua, ndiyo asili ya jina lake,
Kwale, nyumba ya makuti iliyovuja kila pembe;
nyanyake alitandaza sufuria kumi na moja
na bado wakakosa pa kulala pakavu.
Siku hizi hujitania mwenyewe:
"Mimi ni Nyamvula wa mtungi wa shilingi hamsini."
Mitungi huletwa na Kazungu kwa mkokoteni,
breki yake kipande cha taili, hesabu yake chaki mlangoni.
Maji ya kisima. Sabuni hayaitambui.
Ukiyapikia chai, maziwa hukatika.

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki.
Yasiyomwagika hulipiwa vipi, hawakusema.

Ofisini, nyuma ya mlango, kuna msumari,
na msumarini huning'inia ufunguo wa vali,
chuma kirefu kama mguu wa korongo.
Jioni upo.
Asubuhi upo, una tope bichi.
Hakuna aulizaye tope latoka wapi
katika mji uliokaa miezi saba bila tone.
Nami sijauliza. Nina watoto wanne
na kazi yangu ni ya kandarasi, miezi mitatu mitatu.
Mchana lori la bluu hupita mtaani kwetu,
MAJI SAFI ubavuni, likidondoka nyuma,
na kuku hulifuata hadi kona ya msikiti.

Mwaka jana nilitumwa bara, kando ya bomba kuu.
Nchi nyekundu, mbuzi wanatafuna katoni.
Mtoto wa kike, kama miaka saba, dumu tupu mgongoni,
alilaza sikio juu ya chuma kile,
akaniita nami nisikilize.
Kweli, ndani mlikuwa na kishindo.
"Yapita," akaniambia. "Yenda kwenu Mombasa."
Hakusema kwa wivu. Alisema
kama mtu anayekuonyesha ndege.
Nikaona haya kumwambia hayafiki.

Leo nimekuja na koleo.
Deni la upepo limefika elfu kumi na nane,
na karatasi mfukoni ina mhuri na neno moja: KATA.
Msimamizi alisema, "Hiyo ni nyumba ya kwenu, sivyo?
Basi anza na hiyo, wengine wasiseme."

Mama amesoma karatasi, ameigeuza nyuma,
amerudi kuisoma mbele.
Haulizi nani alitia sahihi.
"Kata, baba," asema. "Kazi ni kazi.
Ila huo mluzi, hamwezi kuniachia?"

Ameingia jikoni. Nimeketi kigodani kwake,
koleo mapajani, lina kutu kuliko bomba.
Amerudi na kikombe.
Chai imekatika, vipande vyeupe vinaelea juu.
Nainywa hivyo hivyo, polepole,
maana nikiimaliza itabidi nisimame.